Njia Haikosei, Mwanamke Ndiye Hukosea

"Ya asili haina mubaya." Ukikaa Niania wiki moja tu, pale barabara ya Kisangani inapokutana na ile ya Isiro na ile ya Mambasa hadi Bunia, utaisikia kauli hii kwa muuza dawa, kwa mama wa kwaya, kwa mnunuzi wa dhahabu, hata kwa muuguzi ambaye kabatini mwake mna vidonge na sindano. Husemwa kuhusu majani ya kutuliza tumbo, na husemwa kuhusu kupanga uzazi. Majani sina ugomvi nayo.

Mara ya mwisho niliisikia katika somo la wachumba na wanandoa wapya, katika ukumbi ambao sitautaja. Mwalimu, mtu mwema mwenye mwandiko mzuri, alichora ubaoni vijiti 28, akakizungushia duara cha 14, akaandika kando yake "98%", akasema: "Sayansi imekwisha kuthibitisha." Mwanamke wa benchi la tatu, mtoto titini, akainua mkono. "Mwalimu, mimi nilizaa miezi saba iliyopita na siku zangu sijaziona bado. Siku ya kwanza ya kuhesabu ni ipi?" Mwalimu akatabasamu. "Utulie kwanza, mama. Zikirudi, utahesabu." Watu wakacheka, somo likaendelea. Mwalimu alifuta ubao, swali nikatoka nalo mimi.

Kabla ya kugombana nao, tuwasikilize. Wanaoitetea njia ya asili wanasema hivi: mwanamke ana siku chache za rutuba, zinajulikana, na wanandoa wakijizuia siku hizo hawahitaji kumeza wala kudungwa kitu. Haina gharama. Haina madhara. Inamfundisha mume subira. Kanisa linaibariki, tangu Papa Pius XII alipozungumza na wakunga mwaka 1951, na Paulo VI akakazia mwaka 1968 katika waraka wake Humanae Vitae. Na juu ya yote, ni yetu, haikuletwa na mtu.

Nyuma ya maneno hayo kuna hofu yenye mizizi, na anayeicheka hajui historia. Sensa ya sampuli ya mwaka 1955 hadi 1957, aliyoichambua Anatole Romaniuk, ilikuta kaskazini mwa Kongo wanawake wengi mno waliofika uzeeni bila mtoto hata mmoja. Bibi zetu waliwajua watu hao kwa majina. Kisha kuna serikali. Dekreti ya kikoloni ya 1933 ilipiga marufuku kutangaza vizuia mimba, ikabaki vitabuni miongo mingi baada ya uhuru. Na huku ikiwa bado imo, Mobutu akaanza mwaka 1972 kuwahubiria watu "naissances désirables", yaani uzazi unaotakiwa. Serikali inayokataza kwa mkono mmoja na kuhimiza kwa mwingine isishangae ikitiliwa shaka.

Wala si mawazo ya wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–14 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 walioolewa, 20 walikuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga uzazi. Wanane walitumia njia za kisasa. Waliobaki, 12, walitegemea zinazoitwa za jadi, na kuhesabu siku ndiko kulikoongoza. Kwa hiyo mwalimu wa vijiti 28 ndiye anayesikilizwa Kongo. Ndiyo maana anastahili kujibiwa.

1. Asili ya nani?

Anza na hilo neno "yetu". Elimu ya siku za rutuba haikutoka kwa bibi yeyote wa Ituri. Ilitoka kwa Kyusaku Ogino, daktari wa wanawake wa Niigata, Japani, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1924, na kwa Hermann Knaus wa Austria miaka michache baadaye. Ogino alikuwa akiwapasua wanawake wagonjwa, akatazama vifuko vyao vya mayai kwa macho yake, kisha akalinganisha na tarehe za hedhi. Vidonge ni vya wageni, sindano ni ya wageni. Kalenda ya Mjapani na Mwaustria ndiyo ya mababu.

Na Ogino aligundua nini hasa? Kwamba yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayokuja. Rudia: inayokuja. Si siku ya 14 baada ya iliyopita. Ni kama kumwambia dereva wa lori kwenye barabara yetu: punguza mwendo kilomita moja kabla ya shimo ambalo bado hujaliona. Akishaliangukia, atajua vizuri kabisa alipaswa kupunguza wapi. Ogino mwenyewe hakupenda ugunduzi wake utumike kuzuia mimba, maana aliona wazi jinsi utakavyowaangusha watu. Yeye aliutoa kwa wanaotafuta mtoto. Leo jina lake limekuwa la njia aliyoionya dunia dhidi yake.

Kama tunataka asili ya kweli, katika jamii nyingi za Kongo ilikuwa hii: mama aliyejifungua hakumkaribia mume mpaka mtoto atembee. Kalenda ilikuwa miguu ya mtoto. Iliwezekana kwa sababu mama alirudi kwao, au mume alikuwa na mke mwingine. Sijamsikia mwalimu yeyote akipendekeza kuirudisha. Wanaume waliopo ukumbini wangetoka kabla hajamaliza sentensi.

2. Namba iliyopewa lifti

Sasa ile "98%". Nimejiuliza ilipanda gari wapi hadi ikashukia kwenye ubao wa Niania.

Zipo namba nzuri kweli. Mwaka 2007 Petra Frank-Herrmann na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake 900 wa Ujerumani katika mizunguko zaidi ya 17,000. Katika kila wanawake 100, kwa mwaka mmoja, 1.8 walipata mimba bila kukusudia. Na kwa wale ambao hawakufanya tendo la ndoa bila kinga katika siku za rutuba, hata mmoja hakutimia: 0.6. Namba hiyo inashindana na vidonge. Lakini wale walifanya nini? Walipima joto la mwili kila alfajiri kabla ya kuinuka kitandani, wakachunguza ute wa mlango wa kizazi kila siku, wakaandika vyote kwenye chati, wakafundishwa na watu waliosomea kazi hiyo. Hakuna vijiti 28. Hakuna kijiti cha 14.

Kijiti hicho sayansi ilikwisha kukivunja zamani. Allen Wilcox na wenzake huko North Carolina walionyesha mwaka 1995, kwa wanawake 221, kwamba siku za rutuba ni 6: siku yai linapotoka na 5 zilizoitangulia. Hapo watu wa asili hupiga makofi. Wasubiri kidogo. Mwaka 2000 Wilcox akauliza siku hizo 6 huangukia wapi kwenye kalenda. Vitabu vya mafunzo vilisema kati ya siku ya 10 na ya 17. Alikuta kwamba ni wanawake kama 30 tu katika 100 ambao siku zao zote za rutuba ziliingia humo. Waliobaki walikuwa na siku za hatari nje ya duara, wakiwamo hata wale ambao wenyewe wangeapa kwamba mzunguko wao hauyumbi.

Upo ushahidi mwingine, wa kati na kati. Chuo Kikuu cha Georgetown kilibuni ule mkufu wa shanga 32 ambao umefika hadi Kongo na watu huuita koliye: shanga nyekundu siku ya kwanza, za kahawia siku ambazo huwezi kushika mimba, na nyeupe 12, kuanzia siku ya 8 hadi ya 19, siku za kujizuia. Ulijaribiwa Bolivia, Peru na Ufilipino kwa wanawake 478, matokeo yakatoka 2002: mimba karibu 5 kwa mwaka katika wanawake 100 kwa waliofuata kila sharti, 12 kwa matumizi ya kawaida. Ni namba za heshima. Ila sikiliza sharti la mlangoni: mzunguko usipungue siku 26, usizidi 32. Ukitoka nje ya mipaka hiyo zaidi ya mara moja kwa mwaka, unaambiwa tafuta njia nyingine.

Mwaka 2018 Rachel Peragallo Urrutia na wenzake walipitia tafiti 53 za njia hizi zote. Zenye ubora wa wastani zilikuwa 21. Zenye ubora wa juu: hakuna. Hiyo ndiyo "imekwisha kuthibitisha" ya mwalimu wetu. Namba ya Wajerumani wenye vipimajoto imepewa lifti na mtu mwenye chaki, na imeshushwa mahali ambapo haimjui mtu.

3. Mwili wa Ituri

Watetezi wanaposema "mwili wa mwanamke" wanamaanisha mwili mmoja, ule wa mchoro. Ajabu ni kwamba miili ya wanawake wa msitu huuhuu imewahi kuchunguzwa, na matokeo hayo sijamsikia mtu akiyataja ukumbini.

Katika miaka ya 1980 Peter Ellison na Nadine Peacock, pamoja na wenzao wa mradi wa Harvard, walikusanya mate ya wanawake wa Kilese, wakulima wa teritwari yetu ya Mambasa, wakapima projesteroni, homoni inayopanda yai linapotoka. Viwango vilikuwa chini kuliko vya wanawake wa Boston waliolinganishwa nao. Na katika msimu wa njaa kabla ya mavuno, uzito uliposhuka, mizunguko yenye dalili za yai kutoka ilipungua, na hedhi zikaachana kwa siku nyingi zaidi. Yaani mzunguko wa mama wa Ituri hufuata shamba. Mpunga ukichelewa, na yai huchelewa. Hao ndio tunaowapa vijiti 28, na hapo hatujawataja waliokimbia mapanga upande wa Mambasa wakafika hapa wamekonda, hawalali usingizi mzima.

Utasema: basi wapime joto na ute kama Wajerumani. Joto la mwili hupanda baada ya yai kutoka kwa sehemu 2 hadi 5 za kumi za digrii. Malaria haijawahi kuwa na adabu ya kusubiri zamu. Ute nao hubadilika kwa maambukizi ya kila namna, na kwa mama anayenyonyesha huja na kupotea bila mpango.

Kunyonyesha ndiko kunakoiangusha hesabu nzima. Uchunguzi uleule wa 2013–14 ulipata wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke wa Kongo. Gawanya miaka yake mwenyewe: anabeba mimba, ananyonyesha, anabeba tena. Shirika la Afya Duniani linataka mama asianze njia ya shanga mpaka apite mizunguko walau 3 tangu kujifungua, na iwe imetulia. Mwanamke mwenye mizunguko mitulivu ya siku 26 hadi 32, asiyebeba wala kunyonyesha, mzima wa afya na aliyeshiba, yuko wapi Niania? Yupo. Bado hajaolewa. Naye ukumbini haruhusiwi kuuliza.

4. Mume wa karé

Kila jaribio la njia hizi nililotaja lina mtu wa pili asiyeonekana kwenye jedwali: mume aliyekubali. Waliingia wawili, wakapanga wawili.

Hapa mume yuko karé, anachimba dhahabu. Anarudi baada ya wiki tatu, nne, akiwa na pesa kidogo au bila kitu, na hana habari na rangi ya shanga. Siku aliyorudi ndiyo siku yake. Mwalimu anasema njia hii "inafundisha subira". Sawa, inamfundisha nani? Mwanamke ndiye anayepewa mkufu, ndiye anayetakiwa kusema "si leo" kwa mtu ambaye kesho asubuhi anapanda pikipiki kurudi machimboni, na ambaye akikataliwa anajua mlango mwingine ulipo. Shanga nyeupe 12 hazifungi mlango wa nyumba.

Na mlango huo mwingine ndio unaonirudisha kwa Romaniuk. Watu wanakwepa vidonge kwa kuogopa ugumba. Lakini sehemu kubwa ya ugumba uliotia watu hofu kaskazini mwa Kongo wataalamu wameihusisha na magonjwa ya zinaa, kisonono mbele ya yote, kwa jinsi kinavyoziba mirija. Sasa tazama biashara yenyewe: mwanamke anaacha kapote, yaani kondomu, kwa sababu "si ya asili", anashika njia ya kalenda ili alinde kizazi chake, kisha anampokea mume wa karé bila kinga siku za kahawia, ambazo mwalimu amemwambia ni salama. Salama kwa mimba, labda. Kisonono hakina siku za kahawia. Hofu ya ugumba imemkabidhi kwa kile kilichowafanya bibi zake wagumba.

"Haina gharama," wanasema pia. Uchunguzi huo wa 2013–14 ulikadiria vifo 846 vya akina mama katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kidonge kina madhara yake, na yameandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya pakiti. Mimba isiyotarajiwa mvua inaponyesha na barabara imekatika haiji na karatasi. Ukitaka kulinganisha madhara, weka na hiyo kwenye mizani.

5. "Ulihesabu mubaya"

Nimefika kwenye kinachoniudhi kuliko vyote.

Ikishindikana, hakuna anayesema njia imeshindwa. Mama huambiwa: "Ulihesabu mubaya." Na mtu huyohuyo, mwezi mmoja nyuma, alisema njia ni rahisi hata asiyejua kusoma anaiweza. Ama ni rahisi, ama inahitaji umakini wa mhasibu. Haiwezi kuwa rahisi siku ya kuiuza na ngumu siku ya kuwajibika.

Sayansi wanayoiita shahidi ilikwisha kulijibu hili. Shirika la Afya Duniani liliijaribu njia ya ute, ile ya John na Evelyn Billings wa Melbourne, katika vituo vitano: Auckland, Bangalore, Dublin, Manila na San Miguel huko El Salvador. Wanawake zaidi ya 9 katika 10 walijifunza kuutambua ute wao vizuri. Hawakuwa wajinga. Kisha James Trussell na Laurence Grummer-Strawn wakazichambua takwimu hizo upya. Kwa asiyevunja sharti hata mara moja, uwezekano wa kupata mimba kwa mwaka ulikuwa 3 katika 100. Kwa anayevunja sharti, 86 katika 100.

Soma tena pengo hilo. Mwalimu anaisoma 3 na kufunga kitabu. Mimi naisoma 86, na naona njia isiyomsamehe mtu hata usiku mmoja: usiku wa homa, usiku wa mume kurudi. Tatizo wala si Niania peke yake. Mwishoni mwa 2017 hospitali ya Södersjukhuset mjini Stockholm ilihesabu wanawake 668 waliokuja kutoa mimba katika miezi minne. 37 walikuwa wakitumia programu ya simu inayosoma joto la mwili na kutangaza siku salama. Mamlaka ya dawa ya Uswidi ikachunguza, ikasema kiwango cha mimba hakikuzidi kile kampuni ya programu hiyo ilichoahidi. Ndiyo hoja yangu: mimba hizo zilikuwa ndani ya ahadi, kwa maandishi madogo. Waswidi wana simu, umeme, vipimajoto na wanaume wanaoshika hesabu. Mama wa Niania ana kidole na ukuta wa udongo.

Najua nitakachoambiwa: huyu ametumwa auze sindano. Siuzi kitu. Sindano huvuruga hedhi, na kabati la kituo cha afya huwa tupu mara nyingi kuliko linavyojaa, jambo ambalo wapenzi wa njia za kisasa hulisema kwa sauti ya chini. Lakini Chelsea Polis na wenzake walipokusanya takwimu za nchi 43 zinazoendelea, walikuta hivi kwa mwaka wa kwanza wa matumizi ya kawaida: kwa kujizuia siku fulani, mimba karibu 14 katika wanawake 100, kwa kondomu na vidonge, kama 5, kwa sindano, chini ya 2, kwa kipandikizi, chini ya 1. Mwanamke akiziona namba hizo zote kisha akachagua kuhesabu siku, nitamnunulia chaki. Anayeandikiwa "98%" peke yake hajachagua, amechaguliwa.

Sasa lile swali la benchi la tatu, kwa kuwa bado linadai jibu.

Kilichonishangaza ni kwamba mwalimu alikuwa nalo mfukoni. Kati ya njia zote za asili, moja imeshikilia ahadi yake vizuri hata kwa wanawake kama wetu: kunyonyesha. Wataalamu walikutana Bellagio, Italia, mwaka 1988, wakakubaliana kwamba inakinga kwa zaidi ya asilimia 98, kwa masharti matatu: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya tu au karibu tu, mchana na usiku, na hajatimiza miezi sita. Likikatika moja, kinga imekatika. Kwa Kifaransa herufi zake huungana kuwa MAMA, kwa hiyo hata jina halihitaji kutafsiriwa. Huenda ndiko 98 ilikotoka, ikafutiwa masharti yake matatu na kubandikwa kwenye vijiti.

Mtoto wa yule mama alikuwa na miezi saba. Yai la kwanza baada ya kujifungua laweza kutoka kabla ya damu ya kwanza kuonekana. Kwa hiyo alipaswa kuambiwa hivi, palepale, mbele ya waliocheka: Mama, siku yako ya kwanza ya kuhesabu haijafika, na mimba inaweza kuitangulia. Kinga uliyokuwa nayo iliisha mwezi uliopita. Usingoje kutulia. Pita kituo cha afya wiki hii, kabla baba watoto hajarudi.